Usiku Wanafungulia: Jirani wa Kiwanda Anaona Nini, na Nini Hakioni

Nenda penye kiwanda chochote, kiwe cha saruji, cha ngozi, cha karatasi au cha kuyeyusha chuma, ukawaulize wanaoishi nyuma ya ukuta wake. Kuna sentensi moja hutaikosa: "Mchana wanajizuia, usiku wanafungulia." Wenye kiwanda huikana. Mkaguzi anakuja saa nne asubuhi, haoni kitu, anaandika kuwa hali ni shwari, anaondoka zake. Wakazi wanabaki na neno lao, na neno hilo linawekwa kwenye fungu la manung'uniko.

Sisi tunalichukua neno hilo kwa uzito. Mara nyingi lina ukweli ndani yake, ingawa huenda usiwe ule ukweli anaoudhania msemaji. Lina maelezo matatu yanayowezekana, na kazi yote ya kuishi jirani na kiwanda kwa macho wazi ni kujua leo ni lipi kati ya hayo.

La kwanza ni hewa yenyewe. Mchana jua hupasha ardhi joto, hewa ya chini inapanda na kuchanganyika na ya juu, moshi unatawanyika. Jua likizama na mbingu ikiwa haina mawingu, ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa iliyoigusa, huku juu yake ikibaki hewa yenye joto zaidi. Tabaka hilo hukaa kama kifuniko cha sufuria. Moshi uleule, kwa kiasi kilekile, ambao mchana ungepotea, usiku unalala juu ya mapaa na kupenya madirishani. Dohani ndefu ina tabia yake tofauti kidogo: moshi wake hukaa juu kwenye hewa tulivu usiku kucha, kisha saa chache baada ya jua kuchomoza, hewa ya chini inapoanza kuchemka na kupanda, ule moshi wa juu unashushwa kwa mkupuo. Kwa hiyo wanaolalamikia usiku na wanaolalamikia asubuhi wanaweza wote kuwa wakweli, na kiwanda kisiwe kimegusa kitu.

Hewa ya namna hii imewahi kuua. Bonde la Meuse nchini Ubelgiji, Desemba 1930, watu wapatao 60. Donora, Pennsylvania, Oktoba 1948, watu 20. London, Desemba 1952, maelfu. Huko Meuse na Donora viwanda vilikuwa vikiwaka kama kawaida ya siku zote, na London majiko ya makaa ya majumbani pia. Kilichobadilika zaidi ni kifuniko.

Maelezo ya pili yamo ndani ya kiwanda, na jirani huwa hayajui. Vichujio vya vumbi havifanyi kazi muda wote. Kwenye tanuri la saruji, kile kichujio kinachokamata vumbi kwa umeme wa volti kubwa huzimwa chenyewe gesi ya kaboni monoksaidi inapozidi, kwa sababu cheche moja ingeweza kukilipua. Kikizimwa hata kwa dakika chache, wingu la vumbi linatoka. Vichujio vya mifuko ya kitambaa navyo vina shida yao: tanuri linapowashwa likiwa baridi, moshi wake una unyevu, unyevu unaganda kwenye kitambaa, vumbi linageuka tope na mfuko unaziba. Mafundi wengi huupitisha moshi pembeni ya mifuko mpaka joto lipande. Boila nayo ikiwashwa baridi hutoa moshi mweusi kwa kuwa mafuta au kuni haziungui vizuri. Kama tanuri huwashwa alfajiri kabla ya zamu ya asubuhi kuingia, jirani ataona moshi alfajiri.

La tatu ni lile linalosemwa waziwazi: wanafungulia kweli. Giza linaficha rangi ya moshi, mkaguzi amelala, na mtambo wa kusafisha moshi unakula umeme na dawa. Hutokea. Lakini anayelianza shitaka kwa hili la tatu bila kuyaondoa mawili ya kwanza hushindwa mezani, tena mbele ya watu, na safari nyingine hasikilizwi.

Namna ya kuyatenganisha ni daftari. Si la malalamiko. Ni la kumbukumbu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Daftari la malalamiko huandika "jana usiku harufu ilikuwa mbaya sana." Daftari la kumbukumbu huandika saa na dakika harufu ilipoanza, saa na dakika ilipokwisha, mahali mwandishi aliposimama, harufu inafanana na nini, nguvu yake kwa namba kuanzia 0 hadi 6, upepo unatoka wapi, na mbingu ina mawingu au nyota. Tena, na hapa ndipo wengi huanguka, huandika pia siku ambazo hakukuwa na kitu. Daftari lenye siku mbaya tupu halithibitishi lolote, kwa sababu halionyeshi ni upepo gani ulivuma siku njema. Siku 30 zenye safi 22 na chafu 8, zote 8 upepo ukitoka upande wa kiwanda, zina nguvu kuliko kurasa mia za hasira.

Neno "inanuka" peke yake halifai. Andika mayai yaliyooza, kitunguu kilichooza, nywele zinazoungua, rangi ya mafuta, kiberiti kilichowashwa, lami ya moto, mizoga. Kila moja humwelekeza mtaalamu kwenye mtambo wake. Mayai yaliyooza ni haidrojeni salfaidi, ambayo hutoka mahali palipo na maji taka yasiyo na hewa, ngozi, karatasi au mafuta ghafi. Kiberiti kilichowashwa ni salfa dioksaidi, inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta mazito yanayoungua.

Wajerumani wana utaratibu ambao tunaupenda kwa jinsi ulivyo mwepesi, na hauhitaji mashine. Mtu husimama mahali pamoja kwa dakika 10 na kila baada ya sekunde 10 anavuta hewa na kuandika: ipo au haipo. Mwishoni ana alama 60. Zikifika 6 zenye harufu inayotambulika, yaani asilimia 10, saa hiyo huhesabiwa kuwa saa ya harufu. Kwa maeneo ya makazi, kiwango chao ni kwamba saa za harufu zisizidi asilimia 10 ya saa zote za mwaka. Kwa maeneo ya viwanda, asilimia 15. Jirani yeyote anaweza kuiga zile dakika 10. Masharti ni machache: usiwe umevuta sigara, kula au kujipaka manukato nusu saa kabla, na utoke chumba kilichofungwa, kwa sababu pua huzoea. Aliyekaa uani saa nzima hasikii tena, anayeingia kutoka mbali ndiye anayesema "hapa kuna nini?" Mwamini huyo.

Upepo hutajwa kwa unakotoka. Upepo wa mashariki unatoka mashariki ukienda magharibi, na madaftari mengi yameharibika kwa kuandikwa kinyume. Utepe uliofungwa kwenye mti wa kuanikia nguo karibu na ukuta nao hudanganya, maana hewa huzunguka kwenye pembe za nyumba. Ufunge juu ya mlingoti mbali na majengo, au tazama moshi wenyewe unavyolala ukitoka dohanini.

Sasa tuje kwenye upande ambao wakazi hawapendi kuambiwa. Pua ni kipimo kikali kwa baadhi ya vitu na ni kipofu kabisa kwa vingine. Haidrojeni salfaidi huisikia ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni, chini sana ya kiwango cha kudhuru. Lakini gesi hiyohiyo ikifika karibu na sehemu 100 kwa milioni hupooza neva za kunusia, harufu inatoweka, na mtu anadhani hatari imepita wakati ndiyo kwanza imefika. Kaboni monoksaidi haina harufu kabisa. Risasi, ile metali ya betri, haina harufu. Vumbi jembamba kupita yote, lile lenye kipenyo cha mikromita 2.5 na chini, ni kama sehemu moja ya 30 ya unene wa unywele. Halionekani moja moja wala halikwaruzi koo kama vumbi nene, lakini ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Ndiyo maana madhara makubwa mara nyingi yametoka mahali ambapo hapakuwa na kelele kubwa. Huko Casale Monferrato, Italia, kiwanda cha saruji iliyochanganywa na asbesto, nyuzi nyembamba za madini, kilifungwa mwaka 1986, na saratani ya utando wa mapafu imeendelea kuwaua hata watu ambao hawakuwahi kufanya kazi ndani yake, kwa sababu ugonjwa huo huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, moshi ulionekana, lakini kilichowaumiza watoto ni risasi, ambayo hujulikana kwa kupima damu tu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho, alianza harakati zake pale baada ya mwanawe mwenyewe kukutwa na risasi mwilini.

Kwa risasi, basi, usisubiri dalili. Damu ya mshipa ndiyo kipimo. Tone la kidoleni linaweza kuchafuliwa na vumbi lililo juu ya ngozi, kwa hiyo likionyesha kiwango kikubwa lazima lirudiwe kwa damu ya mshipa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kikomeshwe, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nyumbani, ufagio mkavu ni adui: unanyanyua vumbi na kulipandisha puani. Piga deki kwa maji, futa vizingiti vya madirisha kwa kitambaa chenye maji, nawisha watoto mikono kabla ya kula, na nguo za anayefanya kazi kiwandani zisiingie ndani wala zisifuliwe pamoja na za watoto.

Upande mwingine, pua huongeza. Pamela Dalton, mtafiti wa kituo cha Monell kinachochunguza hisi za kunusa na kuonja, Philadelphia, katika miaka ya 1990 aliwanusisha watu harufu moja. Walioambiwa ina madhara waliisikia kali zaidi na wakaeleza dalili nyingi. Walioambiwa ni ya manufaa waliizoea. Wenye viwanda hulipenda jaribio hili, wakidai linaonyesha wakazi wanajitungia. Halionyeshi hivyo. Kichwa kinachouma kwa sababu ya hofu kinauma kweli, na usingizi uliokatika umekatika. Kinachoonekana pale ni kwamba anachoambiwa mtu kuhusu harufu hubadilisha anavyoumia, na anayewanyima wakazi habari za kweli ndiye mwenye mzigo huo.

Halafu kuna wanaopunguza. Watafiti wamekuta mara kwa mara kwamba watu hukubali mji wao una hewa chafu lakini wakasema mtaa wao wenyewe una afadhali. Nyumba yenye mtu aliyeajiriwa kiwandani hulalamika kidogo, na si lazima iwe kwa kuogopa kufukuzwa; mkono unaolisha hunuka kidogo kweli. Mwenye nyumba anayetaka kuuza hanusi kitu. Mpangaji aliyefika mwezi jana ananusa kila kitu.

Kwa hiyo ukifanya dodoso la mtaa, mpangilio wa maswali ndio kila kitu. Ukianza na "kiwanda kinawaathiri vipi?" umeshawapa jibu. Anza na maisha: unalalaje, madirisha unayafungua saa ngapi, nguo unaanika wapi, kuna nini kinachokukera hapa nyumbani. Kiwanda kitajwe na mhojiwa mwenyewe, au kitokee katikati ya orodha yenye magari, muziki, mbwa na taka. Kwa kelele kuna swali linalokubalika kimataifa: ukifikiria miezi 12 iliyopita ukiwa hapa nyumbani, kelele hii imekukera kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Uliza vilevile mtaa ulio mbali wenye watu wa hali kama hiyo. Kikohozi cha asilimia 30 hakina maana mpaka ujue kule kwingine ni asilimia ngapi. Na usiwahoji waliokuja mkutanoni tu. Gonga kila mlango wa tano, hata wa asiyetaka kusema.

Vumbi ni rahisi zaidi kulishika, kwa maana halisi. Chukua ndoo yenye kuta zilizonyooka, kinywa cha sentimita 25, tia maji safi kidogo ili kinachoanguka kisipeperuke tena, iweke juu ya nguzo ya mita mbili hivi, mbali na miti na barabara ya vumbi, iache siku 30 ukiongeza maji yanapokauka. Uingereza hutumia kwa mazoea miligramu 200 kwa mita ya mraba kwa siku kuwa ndipo kero inapoanzia. Ujerumani kikomo ni miligramu 350, kwa wastani wa mwaka. Kwa ndoo hiyo, miligramu 200 ni karibu gramu 0.3 kwa mwezi mzima. Ni kidogo, hakijazi hata ncha ya kijiko. Lakini ni kilekile kinachomfanya mtu afute meza mara tatu kwa siku, na anayefuta meza mara tatu kwa siku hatii chumvi.

Kisha tazama vumbi lenyewe. Funga sumaku ndani ya karatasi ya nailoni na uipitishe juu yake: likisimama kama manyoya, ni la chuma. Dondoshea siki: likitoa mapovu, lina chokaa. Lisugue kwa kidole: likipaka weusi wa mafuta, ni masizi. Likiwa kijivu na kugeuka gamba gumu juu ya bati au kioo cha gari baada ya umande, ni saruji. Vumbi la manjano linalokuja majuma machache kwa mwaka na kutoweka, mara nyingi ni chavua ya miti. Ukiwapelekea hilo kiwandani umewapa zawadi. Hivi ni vipimo vya kuelekeza tu. Vya kusimamia hoja ni vya maabara.

Wanaokinga mvua ya paa wakumbuke kwamba paa ni sinia linalokusanya vumbi lote tangu mvua iliyopita. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 50. Lita hizo za kwanza, na ikiwezekana maradufu yake, zimwagwe kabla ya bomba kuelekezwa tangini. Chujio la kitambaa halisaidii kwa metali zilizokwisha yeyuka ndani ya maji.

Vile vipima vumbi vidogo vya leza vinavyounganishwa na simu vinafaa, kwa sharti moja: visiwekwe kimoja. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80 hivi huhesabu matone ya ukungu kama vumbi, na vumbi nene havilioni vizuri. Weka viwili vya aina moja, kimoja upande upepo unakotoka, kingine upande unakokwenda. Namba ya kila kimoja inaweza kubishaniwa. Tofauti kati yao haibishaniwi kirahisi.

Kuhusu kelele tuseme moja tu. Mvumo wa feni kubwa au transfoma hupenya ukuta na kubaki chumbani wakati sauti nyingine zote zimekufa, ndiyo maana mtu wa ndani anateseka na mkaguzi aliyesimama barabarani hasikii. Kipima kelele kikiwekwa kwenye mizani ya A, ambayo hupunguza sauti nzito, kitasema kuko kimya. Dai kipimo cha mizani ya C pia, ambayo haiipunguzi sana sauti nzito. Tofauti ya mizani hiyo miwili ikipita desibeli 15 hadi 20, sauti nzito ipo.

Kwa nyufa karibu na machimbo yanayolipua miamba, mambo ni magumu zaidi. Mwili huhisi mtetemo wa chini ya milimita 1 kwa sekunde, wakati kiwango cha Uingereza cha madhara madogo ya nyumba huanzia milimita 15. Kwa hiyo mtu anaweza kutikiswa kitandani na nyumba isipate kitu; na ufa unaoonekana kesho yake huenda ulikuwapo mwaka mzima ila hakuna aliyeutazama. Tafuta ufa leo, kabla ya mlipuko ujao. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe kando ya mstari, paka kidonge cha plasta ya jasi katikati yake, upige picha ukiwa na rula. Plasta ikikatika, ufa unatembea. Isipokatika baada ya milipuko kumi, tafuta chanzo kwenye msingi au udongo.

Mahali pengine wakazi huona kabla ya wote. Minamata, Japani, kabla ugonjwa haujatangazwa rasmi Mei 1956, wavuvi walikuwa wameona paka wao wakizungukazunguka, wakitetemeka na kujitosa baharini, na ndege wakianguka kutoka angani. Paka walikula samaki, samaki walikuwa na zebaki ya kiwanda. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968. Miaka 12. Wavuvi hawakuwa na kifaa. Walikuwa na macho, na walichokiona kilipuuzwa.

Kwa hiyo turudi kwenye usiku. Daftari likishafika miezi mitatu, usiende kiwandani kuuliza "mnafungulia usiku?" Jibu unalijua. Omba, kwa barua, kumbukumbu za vitu vitatu: saa na dakika kichujio kilipozimika, saa tanuri au boila ilipowashwa kutoka baridi, na saa moshi ulipopitishwa bila kusafishwa kwa ajili ya matengenezo ya mtambo. Viwanda vingi vyenye kibali hulazimika kuvitunza, na mamlaka ya mazingira inaweza kuviomba wakikunyima. Viweke kando ya daftari. Ukiwa umeandika saa 10:10 alfajiri, upepo wa kaskazini, nyota, nguvu 4, na karatasi yao inasema kichujio kilizimika saa 10:02, mmekwisha elewana. Karatasi yao ikiwa haina kitu usiku huo, na usiku mwingine kama huo, na mwingine, wakati daftari la nyumba tatu tofauti linasema jambo moja, hapo ndipo unapomwomba mkaguzi aje saa tisa usiku, siku isiyotajwa, usiku usio na mawingu, upepo ukitoka kaskazini.